Nakala Tatu za Mikorosho ya Shangazi

Kwa miaka kama minane hivi niliamini kwamba chini ya mji wa Dar es Salaam kuna nyumba yenye nakala ya kila karatasi iliyowahi kupigwa taipu katika nchi hii. Usinicheke. Niliamini kwa mwili mzima, kama ninavyoamini kwamba muhogo usiolowekwa unaweza kuua. Aliyeniambia ni dereva wa lori la mradi wetu, Mnyamwezi mmoja ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto kwa kuuegemeza dirishani, na alinieleza kwa utulivu wa mtu anayekuelekeza ilipo stendi. Nyumba hiyo, alisema, ilichimbwa na mafundi walewale waliotoboa milima kupitisha reli mpya. Ina ngazi mia tatu za kushuka. Makarani wake hawalioni jua, wamekuwa weupe kama muhogo uliomenywa, na siku ya sikukuu wakipandishwa juu hufungwa vitambaa machoni wasije wakapofuka. Katikati ya makabati kuna vijireli vinavyosukuma mafaili usiku na mchana.

"Hata barua yangu ya kuomba likizo imo?" nilimuuliza.

"Hata ile uliyokosea ukaitupa," alisema. "Nyie Wazaramo mnadhani serikali ni ngoma, kukicha watu wanatawanyika?"

Alikuwa mtani wangu, kwa hiyo wajibu wangu ulikuwa kumtukana. Nilimtukana palepale, nikamwambia babu yake alifika pwani amebeba pembe kichwani na mpaka leo ukoo mzima una shingo fupi. Kisha nikaondoka nimemwamini.

Nilikuwa na sababu zangu. Mimi ni mtu wa masomo ya jioni. Darasa la nne nililimaliza mchana kama watoto wengine wa Kisarawe, na yote yaliyobaki niliyamalizia pale Tumbi, Kibaha, baada ya kazi, katika chumba cha taa moja, na wanafunzi wenzangu wengine walikuwa na wajukuu. Mtu aliyeokoteza elimu namna hiyo huiheshimu karatasi kupita kiasi. Nilipopata cheti changu nilikipeleka kijiji kizima kikakione, mbuzi nao wakakiona. Niliona ni haki kabisa kwamba mahali fulani serikali imejenga msikiti wa karatasi chini ya ardhi. Nilishangaa tu kwamba zilikuwa ngazi mia tatu, nikaona ni chache.

Kazi yangu ilikuwa ya karani wa masjala katika mradi mdogo, Kibaha. Mradi wenyewe umeshakufa na jina lake halimsaidii mtu. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa waliacha nyuma mashamba, visima na makaburi, na sisi tulipewa kuandika nani ameacha nini. Kila kaya karatasi moja, tuliiita hati ya miti: jina la mwenyewe, mipaka, mikorosho mingapi, minazi mingapi, miembe, makaburi. Basi. Waandishi wetu walizunguka na penseli kuanzia Mlandizi mpaka mabonde ya Ruvu, wakarudi na daftari zenye jasho, na mimi nikazipiga taipu.

Mkuu wa masjala alikuwa mama wa Kisarawe, mjane, mfupi, miwani yake imefungwa uzi mahali palipokuwa na skrubu. Tulimwita Bi Mkuu. Hakupaza sauti, na sijui angeipaza kwa nani, maana alipoingia hata taipureta zilinyamaza. Utaratibu wote ulikuwa wake. Kila hati ilipigwa kwa nakala tatu na kaboni mbili katikati. Ya juu, nyeupe, ilikaa kabatini Kibaha. Ya pili, ya rangi ya waridi, ilipanda lori kila Ijumaa asubuhi kwenda Kisarawe, katika stoo tuliyopanga nyuma ya nyumba ya mchuuzi wa nazi kavu. Ya tatu, nyembamba kama ganda la kitunguu, ilitungwa kwenye kamba kila jioni na kulazwa ndani ya sanduku la bati chini ya meza yake. Mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya kulinganisha. Unachomoa hati kumi bila kuchagua, unazitafutia wenzao wawili wawili, unazisoma mstari kwa mstari, unatia saini.

Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini tatu.

"Moja wataila mchwa," alisema. "Moja itaungua. Moja itashikwa na karani kama wewe. Nataka katika tatu hizo inipone moja."

Sikumwambia habari ya ile ya nne, ya Dar. Niliona atafedheheka, mkuu wa masjala mzima, kujifunza jambo kama hilo kwa kijana wa jana.

Hati ya shangazi yangu niliipiga taipu mimi mwenyewe. Dada mkubwa wa baba, mjane, shamba lake lilikuwa ng'ambo ya Mlandizi kuelekea mtoni, na lori lilikuwa limeshamshusha yeye na vyungu vyake katika kijiji kipya. Alikuja ofisini na kanga mpya, akakataa kiti, akakaa sakafuni amenyoosha miguu, akaanza kunitajia miti yake.

"Andika mkorosho wa mlangoni. Huo nimeupanda na mjomba wako wiki aliyonioa. Andika na wa pili yake, unazaa mwaka mmoja, mwaka wa pili unanuna."

"Shangazi, fomu inataka hesabu tu."

"Basi hesabu na wewe. Wa mlangoni, mmoja. Wenye kununa, mmoja."

Tulikwenda hivyo mpaka arobaini na tatu. Minazi kumi na saba. Miembe miwili. Kisima kimoja.

"Kisima hicho si kilikauka, shangazi?"

"Kisima ni kisima, baba. Maji huja yakaenda. Andika. Na makaburi matatu. La mume wangu na ya wanangu wawili. Hapo pana nafasi ya mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni mimi. Sitaki kuzikwa huku kwenye mistari yenu, nyumba zimepangwa kama meno ya paka shume."

Nilipiga: makaburi matatu. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuandika nafasi ya mtu mmoja.

Akaitazama karatasi muda mrefu, na kusoma hajui. "Na hii ikipotea?"

"Shangazi," nilimwambia, "hii haipotei hata ukitaka ipotee. Zipo nne."

"Mbona mimi naona tatu?"

"Ya nne haionekani. Iko mahali pake."

Alinishika kichwa, akaniombea dua. Alikuwa na mtoto wa kaka yake serikalini.

Nafasi ilianza kutuishia mwaka wa tatu. Karatasi, bwana wee, ina tabia ya mkimbizi: moja ikikaa, inaita ndugu zake. Kabati la Kibaha lilijaa mpaka mijusi wakahama. Kisarawe mtunza stoo alituandikia barua ambayo naikumbuka neno kwa neno: "Chumba kimejaa. Hati za Ijumaa iliyopita nimezilaza kitandani, mimi nalala chini. Za Ijumaa hii zije na kitanda chao." Na mchuuzi naye alitaka nusu ya stoo yake irudi, kwani nazi zake zilikuwa zinalala nje.

Bi Mkuu alikaa siku mbili na penseli. Siku ya tatu akatoa amri. Kwanza, mambo yasiyo na maisha, mialiko, ratiba za usafi, matangazo, yasipigiwe nakala tatu tena. Moja inatosha, na ikishasomwa ife. Pili, safari ya Kisarawe iwe kila baada ya Ijumaa mbili. Tatu, kila jalada litiwe alama. Alama nyekundu, la kudumu, haliguswi. Alama ya bluu, la kupita, linakaa miaka miwili kisha linachomwa. Na nne, hapa alivua miwani akanitazama kwa macho yale madogo:

"Kabla hujachoma ya waridi, shika nyeupe mkono huu na ganda la kitunguu mkono huu. Zisome. Zikisomeka zote mbili, choma. Mojawapo isiposomeka, usichome, hata ikibidi uivae."

"Nimeelewa, Bi Mkuu."

"Hujaelewa, ila utakumbuka."

Kweli nilikumbuka, kwani hapa nimeyaandika.

Baada ya vita vya Uganda karatasi ikaadimika. Sabuni iliadimika, sukari iliadimika, lakini hizo hazikuwa kazi yangu. Bunda moja la karatasi lilikuwa likija Kibaha linapokewa kama bwana harusi. Kaboni tuliitumia mpaka ikawa kama chandarua, unaishika juani unaona jirani. Na katikati ya ukame huo Bi Mkuu akastaafu. Alikusanya kikombe chake, mto wake wa kiti na rula yake, akanikabidhi funguo nne, akapanda lori la Ijumaa kurudi kwao Kisarawe. Hakuna aliyetumwa kushika nafasi yake. Nikawa kaimu. Nilipandishwa cheo, lakini chumba hakikupanuka.

Sasa alama zilikuwa zangu. Nitaeleza nilivyozitia, na nitaeleza bila kujipamba, ingawa kujipamba nakujua. Nyekundu niliwapa wakubwa. Barua yoyote yenye mhuri wa duara. Mihtasari ya vikao vilivyohudhuriwa na mgeni. Orodha ya viti siku ya ziara, nani alikaa karibu na nani. Hati za miti zilikuwa chafu, zimetokana na penseli za watu wa shamba, nyingi zina alama ya dole gumba mahali pa saini. Nikazitia bluu. Niliwaza hivi: za miti hazitaulizwa haraka, na zikiulizwa, Dar ipo. Zile za wakubwa ndizo zinaulizwa mara moja, mgeni akiwa amesimama mlangoni. Katika akili yangu nilikuwa naipunguzia mzigo nyumba ya Kibaha, ile ya chini ibebe. Ndiyo kazi iliyochimbiwa.

Majalada mekundu yalitaka rafu za juu, pakavu. Nikazishusha nyeupe za miti rafu ya chini kabisa, karibu na sakafu.

Karatasi za taipu zilipokwisha kabisa, nikafungua sanduku la bati. Yale maganda ya kitunguu upande wa nyuma yalikuwa matupu. Nikayageuza, nikapigia matangazo upande wa pili: siku ya usafi, siku ya kuchanja mbwa, mkutano wa hadhara njooni wote. Yakaenda vijijini, yakabandikwa kwenye miti na milango ya maduka, Pangani yetu ya Kibaha, Mlandizi, kote. Sanduku likabaki na kamba. Nilijiona mjanja sana. Mkubwa mmoja alinisifu kwa kubana matumizi, na sifa hiyo niliiwekea jalada jekundu.

Siku za kulinganisha niliendelea kutia saini. Saini haikuhitaji karatasi nyingi.

Kisha Kisarawe wakasema basi, stoo irudi kwa mwenyewe. Nikapanda lori na yule dereva. Nyuma ya stoo palikuwa na shimo, na tulitumia siku mbili. Mtunza stoo alitoa vifurushi, mimi nikisoma alama, bluu shimoni, nyekundu pembeni. Upepo wa vilima ulikuwa mzuri, moto ukashika vizuri. Mke wa mtunza stoo akatuletea mahindi mabichi, tukayachomea palepale. Yalikuwa na ladha ya wino. Nilikula kama kumi na manane mimi peke yangu, sawa, tuseme manne.

"Karani," dereva akasema, "wewe husomi. Unatupa tu."

"Nyeupe ziko Kibaha."

"Umeziona asubuhi?"

"Zipo. Na hata zisipokuwepo, si ile nyumba yako ya ngazi mia tatu ipo?"

Dereva alicheka mpaka akakaa chini, machozi yakamtoka, akakohoa na kujipiga kifua. Nilidhani ni moshi. Nikampa maji.

Mchana wa siku ya pili nilishika kifurushi chenye jina la kijiji cha zamani cha shangazi, kile cha ng'ambo ya Mlandizi. Nililisoma jina. Mkono wangu ulikiona kizito kidogo kuliko vingine kwa sababu pale watu walikuwa na miti mingi. Nikakitupa. Nimejaribu mara nyingi tangu hapo kukumbuka kama nilihisi kitu. Nakumbuka mahindi.

Masika iliyofuata bati moja la ofisi ya Kibaha liling'oka pembeni na maji yakaingia chini ya mlango na juu ya dari kwa pamoja. Rafu za juu zilipona. Rafu ya chini iligeuka uji. Nilizitoa hati nyeupe kwa ndoo na koleo, nikazimwaga nyuma, kuku wakazichakura wakaona hazina kitu wakaondoka. Kwenye ripoti niliandika: majalada ya kudumu yote yako salama. Na ilikuwa kweli.

Shangazi alikuja mwaka mmoja au miwili baadaye. Wakati huo watu walikuwa wameanza kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, mmoja mmoja, kwa ruhusa na bila ruhusa, na kijiji kilikuwa kimeunda kamati ya kusikiliza nani ni wa wapi. Katika mikorosho ya shangazi kulikuwa na vijana wa mradi wa kijiji wakivuna, na hawakuwa watu wabaya, walikuta miti imesimama tu. Majirani zake wa zamani waliokuwa wakiijua mipaka, mmoja alishakufa na wengine walitawanyika vijiji vya mbali. Kamati ilitaka hati ya miti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Nimekuja kuchukua ile karatasi yangu." Alisema hivyo tu, kama mtu aliyekuja kuchukua sufuria aliyoiazimisha.

Nilisimama, nikafungua kabati. Nilijua ndani hamna, lakini nilifungua, nikapekua majalada mekundu moja baada ya lingine huku yeye akinitazama kutoka sakafuni. Nikapita orodha ya viti siku ya ziara. Nikafunga. Nikafungua sanduku la bati, nikaitazama kamba, nikafunga.

"Ya hapa haipo," nilisema.

"Ya Kisarawe?"

"Nayo haipo."

"Na ile nyembamba?"

Alikuwa anakumbuka zote tatu, mama asiyejua kusoma. "Ilitumika," nikasema.

"Basi tuandikie kwa ile isiyoonekana."

Hakunilaumu hata kidogo. Ndiyo maana sikujisikia vibaya, nadhani, au sijui. Nilijisikia kama mdomo baada ya kung'olewa jino, unauma midomo yako mwenyewe na huisikii. Nikamwambia ndiyo, nitaandika leo leo. Nikamchekesha kwa habari za makarani weupe wanaofungwa vitambaa machoni. Alicheka akasema maskini, nani anawapikia?

Kamati ilikaa chini ya paa la ghala la kijiji. Nilikwenda naye. Mwenyekiti alikuwa mtu wa makamo, mgeni wa sehemu zile, mwenye adabu na kalamu mbili mfukoni.

"Mama, tunakuheshimu. Hati yako iko wapi?"

"Iko Dar, mwanangu. Inakuja. Huyu mtoto wangu ni wa masjala, muulize."

Wote wakanigeukia. Nilisimama nikavuta koti. "Ndugu Mwenyekiti, nakala ipo makao. Nimeshaiandikia."

"Makao gani?"

"Makao ya nakala."

Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu ambaye hataki kuonekana hajui. Ninamwelewa, hata mimi ningefanya hivyo. Mmoja wa vijana waliokuwa wakivuna akasema kutoka nyuma, "Bibi, sisi hatugombani na wewe. Lakini leo ukisema wako, kesho atakuja mwingine aseme wake. Tutamjuaje mkweli?"

"Mkweli ni yule aliyewalaza wanawe pale," shangazi akasema.

"Makaburi hayana majina, bibi."

"Mimi ninayo."

Kisha mwenyekiti akasoma uamuzi: shamba linabaki la mradi wa kijiji. Ila hati ikiletwa ndani ya siku thelathini, kamati itakaa upya na kurekebisha. Isipoletwa, vijana watafyeka upande wa makaburi na kuongeza miche mipya.

Njiani shangazi alinishika mkono. "Siku thelathini nyingi," alisema. "Dar si mbali."

Niliandika barua. Niliipiga taipu vizuri, kwa nakala tatu, sijui kwa nini, nikaituma kwa Nyumba ya Nakala, Dar es Salaam. Baada ya siku kumi na mbili ikarudi imeandikwa kwa kalamu nyekundu: anwani haijulikani. Haikunitikisa. Nyumba ya siri, nilijiambia, itakuwaje na anwani ya wazi? Lazima kuna namna ya kuandika ambayo wakuu wa masjala wanafundishwa na makaimu hawafundishwi. Dereva ningemuuliza, lakini alishahamia Tabora. Jumapili moja shangazi alikuja na kikapu cha viazi vitamu, vya hao makarani wa chini, niwapelekee. Nikavipokea. Tulivila mimi na mke wangu siku tatu, na tuliviona vitamu.

Siku ya ishirini na sita, Jumamosi, nilipanda basi hadi Ubungo, nikaunganisha mpaka Pugu, nikapanda kilima kwenda Kisarawe. Bi Mkuu alikuwa kibarazani anachambua mchicha. Alikuwa amekonda, na ile miwani ilikuwa bado na uzi.

"Shikamoo, Bi Mkuu."

"Marahaba. Kaimu! Umekuja kunirudishia funguo?"

Nilicheka. Nikakaa. Nikaulizwa habari za nyumbani, nikajibu nzuri, za kazini, nzuri. Nikamweleza habari ya shangazi mwanzo hadi mwisho: arobaini na tatu, kumi na saba, makaburi, kamati, siku nne zilizobaki. Nikamweleza ilivyokwenda ya waridi, na ilivyokwenda nyeupe, na ilivyokwenda ganda la kitunguu. Aliendelea kutoa mabua, majani huku, mabua kule, ila mwishoni aliweka yote mahali pamoja.

"Sasa nimekuja kwako," nikasema, "unipe anwani ya ile nyumba ya Dar."

"Nyumba gani?"

"Ya chini. Yenye nakala ya kila kitu."

Alivua miwani, akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama hati iliyopigwa na kaboni iliyochoka, akisogeza uso karibu kuona kama kuna neno.

"Mwanangu," akasema, "hakuna nyumba ya namna hiyo. Haijawahi kuwepo. Hati ya shangazi yako ilikuwa na nakala tatu, na zote tatu alikuwa nazo karani wa Kibaha."